Kese Ilitoa Krediti: Mabadiliko ya Hesabu kati ya Kontable na Mteja, na Lugha Inayoyabeba

1. Swali

Katika fakulte yetu tumezoea kuchunguza lugha ndani ya methali, ngano, nyimbo na riwaya. Makala haya yanaichunguza mahali ambapo mwanafunzi wa lugha hatazamiwi kwenda: katika daftari la hesabu la depo moja ya unga na mafuta hapa Lubumbashi. Depo hiyo ni ya mama yangu mdogo. Tangu mwaka wangu wa pili wa masomo nimekuwa nikimsaidia kuandika mauzo na matumizi katika kompyuta, na mara moja kwa mwezi kontable anakuja kuchukua kazi hiyo ili aikague na kuinyoosha.

Swali langu ni hili: kontable anapobadilisha kitu katika hesabu za mteja, mteja anajuaje ni nini kimebadilika, kwa sababu gani, na anaambiwa kwa lugha gani? Nililiona kuwa swali dogo hadi siku kijana mmoja alipofukuzwa kazi kwa sababu ya sentensi moja niliyoitafsiri mimi. Nitaeleza kwanza tukio lenyewe, kisha nitatenganisha makosa mawili yaliyokuwa ndani yake: kosa la faili na kosa la neno. Mwishoni nitaonyesha karatasi tunayoitumia sasa, na nitaacha mazoezi machache kwa wenzangu.

2. Tukio

Tarehe 31 Desemba tulihesabu fedha za kese, yaani sanduku la mauzo. Daftari la kompyuta lilisema kuna franka 1 870 000. Mkononi tulikuta 1 420 000. Zilipungua 450 000.

Tarehe 2 Januari Mama Mdogo alimwuliza muuzaji, kijana aliyekuwa naye kwa miaka mitatu. Alijibu bila kusita: "Mama, nilitosha feza ya motoka. Ulinipigia simu toka Kasumbalesa, ukasema nilipe dereva." Mama Mdogo alikumbuka kuzungumza juu ya gari, lakini aliamini kwamba mazungumzo hayo yalihusu safari ya nyuma, ambayo ilikwisha kulipwa. Akaomba stakabadhi. Kijana akasema aliiweka pamoja na karatasi za forodha. Tukatafuta ndani ya depo, hatukuiona. Hatukuwaza kwamba bahasha nzima ya karatasi za forodha ilikuwa inasubiri kwenda kwa kontable.

Tarehe 8 Januari kontable alikuja. Akachukua bahasha hiyo, akanakili faili yetu ya Excel kwenye fleshi, akaondoka kwenda kufunga hesabu za Desemba. Mimi niliendelea kuandika mauzo ya Januari katika kompyuta ya depo, katika faili ile ile.

Tarehe 18 Januari alituma kwa simu picha ya ukurasa mmoja wa kazi yake. Mstari wa nne ulikuwa na maneno machache ya Kifaransa: "571 Caisse, crédit, 450 000, régul." Mama Mdogo akanipa simu: "Mwanangu, wewe unayesoma lugha, nielezee." Nikatazama, nikajibu kwa haraka ya mtu anayejiamini: "Anasema kese ilitoa krediti ya laki nne na nusu."

Katika depo yetu, kama katika kila duka la Lubumbashi, krediti ni bidhaa au fedha aliyopewa mtu ili alipe baadaye. Na mwenye kese alikuwa kijana. Kwa hiyo Mama Mdogo alielewa kwamba kontable amegundua kuwa muuzaji alikopesha watu fedha za kese kwa siri. Jioni ile ile kijana aliambiwa arudi kwao.

Tarehe 20 Januari kontable alirudisha faili. Mama Mdogo alikuwa safarini, mimi nilikuwa darasani. Binamu yangu aliyebaki depo alichomeka fleshi, na kompyuta ikauliza kama faili ya zamani ibadilishwe na mpya. Akakubali. Kesho yake nilipofungua kompyuta, Desemba ilikuwa safi, lakini mauzo yote ya tarehe 8 hadi 20 Januari hayakuwepo tena.

Nilikwenda kwa kontable nikiwa na hasira ya mauzo yaliyopotea. Huko ndiko nilikoona, katika bahasha ya forodha, stakabadhi ya tarehe 23 Desemba: franka 450 000, malipo ya usafirishaji, sahihi ya dereva. Mstari wa nne ulikuwa unasema kwamba fedha zilitoka katika kese kwa njia halali na ushahidi upo. Sentensi iliyokuja kumtetea yule kijana ndiyo niliyoigeuza kuwa mashtaka yake.

3. Kosa la faili: nakala mbili zenye jina moja

Tuanze na jambo lisilo la lugha, kwa sababu bila kulielewa hatuwezi kuelewa haja ya maneno.

Kontable alipochukua nakala tarehe 8 Januari, tulikuwa na faili mbili zenye jina moja. Kuanzia saa ile kila moja ilifuata njia yake. Yake ilipata masahihisho ya Desemba. Yangu ilipata mauzo ya Januari. Hakuna iliyokuwa kamili. Kuweka moja juu ya nyingine ni kuchagua nani apoteze kazi yake. Wenzetu wanaosoma miswada ya kale watalitambua jambo hili: wanakili wawili wakitoka kwenye mswada mmoja, na kila mmoja akaongeza yake, huwezi kutupa mmoja ukadai kwamba una andiko zima. Unapaswa kujua walipoachana ni wapi, na kila mmoja aliongeza nini.

Kuna njia tatu za kuepuka hasara hiyo.

Njia ya kwanza ni zamu. Faili ni moja, na anayeishika ndiye peke yake anayeandika. Kontable akiichukua, mteja anaandika kwenye daftari la karatasi hadi irudi. Ni njia salama, lakini kwa biashara inayouza kila siku siku kumi na mbili za kusubiri ni nyingi.

Njia ya pili ni tarehe ya mpaka. Mfano wake mzuri ni programu ya QuickBooks ya kompyuta ya mezani, iliyotungwa na kampuni ya Intuit ya Marekani. Ndani yake mteja hampi mhasibu nakala ya kawaida. Anatengeneza nakala maalumu ya mhasibu, na wakati wa kuitengeneza anachagua tarehe itakayogawa kazi, tuseme 31 Desemba. Yaliyo ya tarehe hiyo na ya nyuma yake ni ya mhasibu. Yaliyo ya mbele yake ni ya mteja. Programu yenyewe inamzuia mteja asiguse maingizo ya nyuma ya mpaka, na juu ya dirisha lake linabaki tangazo la kumkumbusha kwamba mabadiliko ya mhasibu bado yanasubiriwa.

Mhasibu akimaliza, harudishi faili nzima. Anatoa faili nyingine ndogo iliyobeba mabadiliko peke yake. Jina lake huishia kwa herufi QBY. Mteja anaipokea, anaonyeshwa orodha ya kila kilichobadilishwa, na kabla mabadiliko hayajaingia programu inaweka nakala ya akiba. Kisha yanaingia ndani ya faili ya mteja, na mauzo ya Januari yanabaki mahali pake. Kuna sharti moja la kukumbuka: mteja akichoka kusubiri na kuondoa vizuizi kwa mkono wake, mabadiliko ya mhasibu hayawezi tena kuingizwa kwa njia hiyo. Makubaliano yamevunjika, na kila kitu lazima kiandikwe upya kwa mkono.

Njia ya tatu ni mahali pamoja pa intaneti, ambapo mteja na kontable wanafungua hesabu moja, kila mmoja kwa jina lake la kuingilia. Hakuna nakala, kwa hiyo hakuna nakala zinazoachana. Programu za namna hii huandika pia nani aligusa nini na saa ngapi. Lakini njia hii inadai umeme na mtandao vinavyokaa, na katika mitaa yetu mingi hivyo viwili haviji pamoja kila siku.

Sisi tulibaki na Excel, kwa kuwa ndiyo tuliyo nayo. Lakini tuliazima wazo la njia ya pili. Excel yenyewe haitatuzuia kugusa Desemba, hivyo kizuizi chetu ni ahadi ya watu wawili: baada ya kontable kuchukua nakala, mimi siandiki kitu cha nyuma ya mpaka, yeye haandiki kitu cha mbele yake. Na yeye harudishi faili. Anarudisha orodha ya mabadiliko, nami nayaingiza moja moja katika faili ya depo.

Kuna jambo moja zaidi lililotuumiza. Salio la kufungulia Januari nililiandika kwa mkono: 1 870 000. Desemba iliposahihishwa kuwa 1 420 000, Januari haikujua. Ndiyo sababu kila jioni ya Januari kese ilionekana kupungukiwa, na upungufu ulikuwa ule ule, 450 000, bila kuongezeka wala kupungua. Upungufu usiotikisika kwa wiki mbili huelekeza kwenye tukio moja lililopita. Tungekuwa watulivu, namba ingetuonyesha kwamba tutafute karatasi moja ya nyuma. Sasa salio la kufungulia mwezi linavutwa na kompyuta kutoka kwenye salio la kufungia mwezi uliotangulia, na hakuna anayeliandika kwa mkono.

4. Kosa la neno: krediti ya dukani na krediti ya daftari

Nilidhani najua neno hili kwa sababu nalisikia tangu utotoni. Hapo ndipo kosa langu lilipo. Sikutafsiri neno la kontable. Nilitafsiri neno la dukani lenye sauti ile ile.

Asili yake ni Kilatini. "Creditum" ni kitu alichokabidhiwa mtu kwa kuaminiwa, na "debitum" ni kitu kinachodaiwa. Maneno hayo yaliingia katika lugha ya wafanyabiashara wa Italia, kisha katika Kifaransa. Luca Pacioli, aliyechapisha huko Venice mwaka 1494 kitabu cha hisabati chenye sehemu inayoeleza uandishi wa hesabu kwa pande mbili, alitenganisha pande hizo katika jarida kwa vineno vidogo tu: "Per" kwa upande wa debiti na "A" kwa upande wa krediti. Tangu zamani, basi, pande hizi mbili ni alama za mahali kuliko kuwa sifa za vitu.

Ili kumweleza Mama Mdogo nilitumia njia hii, na ninaipendekeza kwa yeyote anayefundisha. Tuichukue kila akaunti kama mtu anayefanya kazi katika depo. Kese ni mtu. Anapopokea fedha, anakuwa na deni kwa depo, kwa maana siku yoyote anaweza kuulizwa: "Ziko wapi?" Hiyo ni debiti ya kese. Anapotoa fedha kwa idhini, deni lake linapungua kwa kiasi alichotoa. Hiyo ni krediti ya kese. Kwa hiyo "571 Caisse, crédit, 450 000" inasema: kese alitoa franka 450 000, na hawezi tena kuulizwa juu yake. Upande wa pili wa ingizo, ambao haukuonekana vizuri katika picha, ulikuwa akaunti ya usafirishaji, iliyopokea gharama hiyo.

Mama Mdogo alinijibu: "Basi krediti ya kese ni feza iliyotoka kwa haki." Maelezo yake ni mafupi kuliko yangu, na kwa mstari ule ni sahihi.

Ugumu unaongezeka mteja anaposoma karatasi ya benki. Pale "crédit" ina maana kwamba fedha ziliingia. Si kwamba benki inatumia kanuni nyingine. Benki inaandika daftari lake yenyewe, na katika daftari hilo mteja ndiye anayeidai benki. Fedha zako zikiingia benki, kwako ni debiti ya akaunti ya benki. Kwa benki ni krediti ya akaunti yako. Ni kama kioo: mkono wako wa kuume unaonekana mkono wa kushoto. Mteja anayesoma karatasi ya benki asubuhi na ukurasa wa kontable jioni atakutana na neno moja lenye maana mbili zinazopingana, na maana ya tatu ataisikia kwa wateja mlangoni. Tusishangae akikosea.

Nilijaribu kupanga maana hizo tatu:

Krediti ya dukani: bidhaa au fedha iliyotolewa, malipo yanangojewa.
Krediti ya karatasi ya benki: fedha zilizoingia kwa mteja.
Krediti ya kese katika daftari la mteja: fedha zilizotoka.

Kwa sababu hiyo, katika karatasi inayokwenda kwa mteja tumeacha kabisa kuandika debiti na krediti. Kontable anaendelea kuyatumia katika vitabu vyake, kwa kuwa ni lugha ya kazi yake. Kwa mteja tunaandika "iliingia" na "ilitoka", tukitaja akaunti: iliingia kese, ilitoka benki.

5. "Nilitosha feza"

Hata hivyo, Kiswahili chenyewe kina mitego. Tukumbuke sentensi ya kijana: "Nilitosha feza ya motoka." Kwa mtu wa Lubumbashi sentensi hii ni wazi: nilitoa fedha. Kwa mtu aliyejifunza Kiswahili sanifu peke yake, kutosha ni kuwa kiasi cha kufaa, na sentensi inamchanganya.

Umbo la kwetu lina kanuni yake. Vitenzi vingi vinavyoishia kwa -ka hupata kauli ya kusababisha kwa -sha: waka na washa, anguka na angusha, kumbuka na kumbusha. Kwa kanuni hiyo hiyo, toka huzaa tosha, yaani kufanya kitu kitoke. Kiswahili sanifu kinatumia toa mahali hapo, na tosha imebaki na maana nyingine. Kwa hiyo usemi wa Lubumbashi umejengwa kwa utaratibu uleule wa lugha nzima, na anayeuita makosa hajautazama vizuri.

Lakini karatasi ya hesabu inasomwa na watu waliotoka pande mbalimbali. Kontable wetu alikulia Kisangani. Alikiri kwamba aliposoma katika daftari langu la mkono maneno "ilitosha kese", aliyachukua kuwa na maana kwamba fedha za kese zilikuwa za kutosha, akasonga mbele. Laiti ningeandika "ilitoka kese", pengine angepiga simu siku ile ile kuuliza stakabadhi iko wapi. Nachukua hapa funzo kwa sisi wanaisimu wa kesho: mdomoni tuseme kama tunavyosema, katika maandishi yanayovuka mji, tuchague umbo ambalo halina maana mbili.

6. Kufuta, kusahihisha, kutengua

Sasa tutazame kitendo chenyewe cha kubadilisha. Jamhuri yetu ni mwanachama wa OHADA tangu mwaka 2012, na hesabu za biashara zinafuata mfumo wa SYSCOHADA, ambao umbo lake lililorekebishwa lilianza kutumika kwa hesabu za kila kampuni tarehe 1 Januari 2018. Mambo manne ya sheria hiyo yanahusu makala haya. Hesabu huandikwa kwa lugha rasmi ya nchi. Huandikwa kwa fedha halali ya nchi. Vitabu hutunzwa miaka kumi. Na kosa lililokwisha kuingia katika vitabu halifutwi: linasahihishwa kwa kuandika upya kiasi kilichokosewa kikiwa na alama ya kutoa, kisha kuandika kiasi sahihi.

Jambo la kwanza ndilo linalotugusa zaidi. Katiba ya mwaka 2006 inasema lugha rasmi ni Kifaransa, na inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Kwa hiyo vitabu vya Mama Mdogo lazima viwe kwa Kifaransa. Lakini sheria haimkatazi kontable kumweleza mteja kwa Kiswahili kile alichokibadilisha. Kati ya kitabu cha Kifaransa na mwenye mali anayefikiri kwa Kiswahili kuna nafasi, na kwa kawaida inajazwa na mtoto wa nyumba anayesoma. Mtoto huyo anatafsiri akiwa amesimama, bila kamusi na bila kuuliza. Nasema hivyo kwa kuwa mtoto huyo nilikuwa mimi.

Jambo la nne linatudai vitenzi sahihi. Nilisikiliza namna tunavyosema katika depo: "Kontable amefuta mstari." "Amebadilisha hesabu." "Amesahihisha." Vitenzi hivi havilingani. Kufuta ni kuondoa alama isionekane. Kubadilisha ni kuweka kingine, bila kusema kama cha kwanza kilikuwa kibaya. Kusahihisha ni kufanya kiwe sahihi, lakini hakisemi kama cha zamani bado kinaonekana. Kinachoagizwa na sheria si kimojawapo cha vitenzi hivyo. Ni kuandika kinyume cha kilichoandikwa, ili nguvu yake iishe huku alama yake ikibaki.

Kiswahili kina mnyambuliko wa kazi hiyo hasa: kauli ya kutendua. Funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua. Anayefungua fundo hakati kamba. Anarudi nyuma kwa njia aliyopitia aliyefunga. Ninapendekeza tutumie kitenzi kutengua, ambacho tayari kinatumika tunaposema kutengua uamuzi: uamuzi wa kwanza unabaki katika kumbukumbu, ila hauna nguvu tena. Ingizo lenye alama ya kutoa liitwe "ingizo la kutengua", na lile linalofuata liitwe "ingizo sahihi".

Mfano: niliandika mauzo ya franka 45 000, kumbe fakture ilisema 54 000. Kontable hagusi 45 000. Anaandika ingizo la kutengua, toa 45 000, kisha ingizo sahihi, 54 000. Mistari mitatu inaonekana, jumla yake ni 54 000, na yeyote atakayesoma baada ya miaka tisa ataelewa kilichotokea. Kinyume chake, mtu akiingia ndani ya kisanduku cha Excel na kuandika namba mpya juu ya ya zamani, amefuta. Jumla ni ile ile, lakini ushahidi umekufa.

Katika kisa chetu hapakuwa na kitu cha kutengua. Lilikosekana ingizo la malipo ya dereva, nalo likaongezwa. Kwa hiyo hata lile neno "régul." lilikuwa fupi mno. Lingeweza kuwa nyongeza, kutengua, au kuhamisha kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Mteja ana haki ya kujua ni lipi kati ya hayo matatu.

7. Karatasi ya mabadiliko

Baada ya tukio hili tulikaa watu wanne: Mama Mdogo, kontable, muuzaji na mimi. Tulikubaliana juu ya karatasi moja ya Kiswahili inayosindikiza kazi ya kila mwezi. Juu yake inaandikwa tarehe ya mpaka na tarehe nakala ilipochukuliwa. Kisha kila badiliko lina namba yake na majibu ya maswali saba: tukio lilikuwa lini, badiliko ni la aina gani, fedha zilitoka wapi na ziliingia wapi, ni kiasi gani kwa franka, na kama malipo yalikuwa ya dola, kwa bei gani ya siku ile, kwa sababu gani, karatasi ya ushahidi iko wapi, nani ameithibitisha.

Mstari uliotuletea taabu ungeandikwa hivi:

Namba 4. Tukio la 23 Desemba. Nyongeza: malipo hayakuwa yameandikwa. Ilitoka kese, ikaenda gharama ya usafirishaji. Franka 450 000. Sababu: dereva alilipwa aliposhusha mzigo. Ushahidi: stakabadhi yenye sahihi ya dereva, bahasha ya forodha ya Desemba. Imethibitishwa na muuzaji aliyelipa na mwenye depo aliyeagiza.

Ni maneno arobaini na kidogo mahali pa maneno machache. Kontable alilalamika kwamba ni kazi ya ziada, naye alisema kweli: mwezi wa kwanza ilimchukua alasiri nzima. Mwezi wa tatu alituambia kwamba maswali ya simu yamepungua, na kwamba mara mbili alipokuwa akiandika sababu aligundua kwamba sababu yenyewe hana, akarudi kutafuta.

Tunafuata pia taratibu tatu ndogo. Faili inayotoka inapewa jina lenye tarehe, ili pasiwe tena na faili mbili zenye jina moja. Kabla ya kuingiza badiliko lolote, ninaweka nakala ya akiba kwenye fleshi ya pili. Na nikimaliza kuingiza, tunalinganisha salio la kese la tarehe ya mpaka kwangu na kwa kontable. Lisipolingana, hatufungi mwezi.

8. Hitimisho

Mauzo ya tarehe 8 hadi 20 Januari niliyaandika upya kutoka kwenye vitabu vya fakture. Ilinichukua jioni tatu, na fakture mbili hazikuonekana hadi leo. Kijana alirudi kazini tarehe 22. Mama Mdogo alikwenda mwenyewe nyumbani kwao, akaketi mbele ya mama yake, akasema: "Nilikosea, na aliyenisomea alikosea." Mimi nilikuwa nyuma yake. Kijana aliomba jambo moja tu: kila mwezi asomewe karatasi kabla mtu yeyote hajaitia sahihi. Ndivyo tunavyofanya.

Nimejifunza kwamba mabadiliko ya hesabu hayajafika kwa mteja siku faili inapofika. Yanafika siku mteja anapoweza kuyasimulia kwa maneno yake bila kumwonea mtu. Kufikisha huko ni kazi ya lugha, na wanaoifanya katika mji huu wengi ni sisi wanafunzi, bila kufundishwa. Naomba fakulte yetu iifikirie kuwa sehemu ya somo la tafsiri, pamoja na barua za mahakama na karatasi za hospitali, ambazo nazo tunasomeshwa nyumbani tukiwa tumesimama.

Mazoezi

1. Chukua karatasi ya benki ya ndugu yako kwa ruhusa yake. Eleza kwa Kiswahili mistari mitatu bila kutumia neno debiti wala krediti.

2. Kusanya vitenzi kumi vya kauli ya kutendua vinavyosikika katika mtaa wako. Ni vipi vinafaa kueleza kazi ya kusahihisha maandishi, na kwa sababu gani?

3. Mteja anasema: "Kontable alinitoshea deni." Toa maana mbili zinazowezekana, kisha andika sentensi mbili ambazo kila moja ina maana moja tu.